Shangazi Ameshiba

1

Siku ya kumi na mbili bila taa nyekundu hata moja, Zaituni Mlanzi alipanga vichupa kumi mezani, akamtoa Shangazi kwenye kibanda chake cha kioo, na Shangazi akalala.

Hakuanguka wala hakuzimia. Alitembea hatua nne, akanusa kichupa cha kwanza kwa adabu tu, akakipita cha pili, akafika cha tatu, akajikunja juu yake na kufumba macho kama mama aliyemaliza kupika pilau ya watu hamsini. Ndani ya kichupa hicho cha tatu mlikuwa na pamba iliyolowa mate ya mgonjwa wa kaba. Kwenye skrini, mstari wa ubongo wa Shangazi, ambao ulipaswa kuruka juu papo hapo, ulilala pamoja na mwenyewe.

"Shangazi," Zaituni alisema. "Usinifanyie hivi."

Alibadilisha mpangilio, akarudia. Vichupa vitatu kati ya kumi vilikuwa na ugonjwa, na yeye peke yake ndiye aliyejua ni vipi. Mara ya pili Shangazi hakutembea kabisa. Mara ya tatu alianza kujisafisha sharubu.

Kilichomfanya Zaituni apime saa nne asubuhi, wakati msongamano umekwisha na wenzake wanakunywa chai, kilikuwa kikohozi. Saa moja kabla ya hapo, kwenye jukwaa namba mbili, bwana mmoja mwenye suti ya kijivu ambaye lango lilikuwa limemwashia kijani alijikunja na kukohoa kile kikohozi ambacho mji mzima unakijua, cha sauti ya kanga kuukuu inapochanwa. Wahudumu walimtoa kwa mlango wa nyuma haraka kabla watu hawajageuka. Juu ya ukumbi, Ubao wa Imani haukutikisika. Ulisoma tisini na saba.

Ubao ule ulikuwa fahari ya kampuni ya Mwendo, wenye treni za mji. Kamera ziliangalia abiria anasita sekunde ngapi mbele ya lango, mabega yake yamepanda kiasi gani, anamkwepa jirani au anamwegemea, kisha kompyuta ikajumlisha na kuandika namba moja kubwa ili kila mtu aione: kati ya abiria mia, wangapi wanapanda bila hofu. Ukiona wenzako tisini na saba hawaogopi, na wewe huogopi. Basi namba iliilisha namba, na treni zikajaa.

Na imani yote hiyo, ukiifuata mpaka kwenye mzizi wake, ilikalia pua ya panya mmoja.

Shangazi alikuwa panya buku, jike, mzaliwa wa Morogoro, ambako panya wa aina yake wamefundishwa kunusa maradhi tangu zamani za mababu. Kaba ni ugonjwa mjanja. Kila wiki hujigeuza kidogo, na ukijigeuza harufu yake hugeuka pia. Mashine za kunusa zilizofungwa kwenye malango ya stesheni zote ishirini na mbili zilikuwa hodari mpaka siku ugonjwa unapogeuka, na siku hiyo hakuna aliyeijua mapema. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya treni ya kwanza, hospitali zilileta vichupa vyenye mate mapya, Shangazi akanusa, na nyuzi nyembamba kuliko unywele zilizolala kichwani mwake zikadaka kile ambacho pua yake imekitambua na kukituma zenyewe kwenye kila lango, bila mtu kuhitaji kutazama skrini. Siku hiyo malango yote yalinusa kama Shangazi anavyonusa. Aliye mzima alipata kijani. Aliye na kaba alipata nyekundu, akaelekezwa behewa la mwisho, ambalo milango yake haifunguki popote mpaka hospitali.

Mwaka wa kwanza wa kaba walijaribu mashine tupu, na watu walizikataa. Walikuwa na haki, kwani zilikamatwa zikisoma kijani kwa amri ya mtu. Lakini panya, watu walisema, hapigiwi simu na mkubwa. Wakampenda. Wakampa jina. Wakaanza kupita mbele ya kibanda chake kila asubuhi, kando ya lango namba moja, mawakili na mama lishe na wanajeshi, na kumwamkia: "Shikamoo, Shangazi." Naye akatikisa sharubu, na kila mmoja akaondoka na uhakika kwamba ameitikiwa. Mtu mzima mwenye digrii mbili anamwamkia panya! Usicheke. Ungekuwa umezika watu wawili mwaka huo, na wewe ungemwamkia.

Zaituni alimweka Shangazi kwenye mizani. Gramu elfu moja mia nne na tano. Alijua namba hiyo kabla ya kuitazama, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiziandika kila Jumatatu: elfu moja mia moja na hamsini, elfu moja mia mbili na kumi, elfu moja mia mbili na tisini. Pembeni ya kila namba alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista, "afya njema".

Akaingiza mkono kwenye nyasi za kitanda cha Shangazi, akafika chini kabisa, akakuta ghala.

Karanga, viganja vinane au tisa. Korosho. Tende zilizotolewa kokwa. Vipande vya kashata vilivyofungwa kwenye karatasi kwa heshima zote. Mihogo mikavu. Mtu mmoja alikuwa ameleta ubuyu.

Alikaa sakafuni na karanga zile mapajani. Alikumbuka vizuri sana ya kwanza. Mzee Kigwema, fundi cherehani mstaafu, aliyekuwa akipita Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwenda kusafishwa damu, alisimama siku moja mbele ya kioo akapapasa mfuko wa koti. "Mwanangu," alisema, "mtu haendi kumwona shangazi yake mkono mtupu." Akapitisha karanga moja kwenye tundu la hewa. Zaituni alicheka. "Moja tu, mzee," alisema, na akageuza uso ili asionekane ameona. Nyuma ya mzee palikuwa na foleni, na kila aliyekuwa kwenye foleni alikuwa na macho.

Alijua pia maana yake, kwa sababu ndiyo kazi aliyosomea. Mnyama mwenye njaa ananusa dunia nzima. Akishiba, ubongo hupunguza pua kama mtu anavyopunguza sauti ya redio, kwani hakuna tena cha kutafuta. Hawakumpa Shangazi sumu, walimpa heshima. Kwa siku kumi na mbili malango ishirini na mbili yalikuwa yakinusa kwa pua ya mtu aliyetoka karamuni.

2

"Nani mwingine anajua?" aliuliza Evodius Rwechungura.

Yeye ndiye Meneja wa Imani ya Abiria, na ofisi yake ilining'inia juu ya ukumbi kwa kuta za kioo, ili awaone watu na watu wamwone akiwa ametulia. Kwa haki yake niseme hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha Zaituni kiti, akammiminia maji, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mimi na wewe, bosi. Na Shangazi."

"Basi tuanze na lililo muhimu. Anapona lini?"

"Haumwi. Akikaa na chakula chake cha kawaida tu, kesho kutwa alfajiri pua imerudi. Lakini kesho hana kitu. Malango ya leo yameshafunguka, hayafungiki mpaka treni ya mwisho. Kesho lazima tusiyafungue."

Evodius alitazama chini, kule watu walikokuwa wakipita lango namba moja kwa hatua ndefu za watu wasio na wasiwasi. "Nina njia nyingine. Tunayo pua yake ya siku kumi na tatu zilizopita, ile nzuri, imehifadhiwa. Tunairudisha kwenye malango kesho. Wewe unamfungisha saumu kwa siri. Kesho kutwa kila kitu sawa, na hakuna aliyeogopa."

"Kaba ya siku kumi na tatu zilizopita haipo tena. Imejigeuza mara mbili. Hiyo pua itatafuta mtu aliyeshahama nyumba."

"Itakamata wachache."

"Labda. Na waliobaki tutawawashia kijani tukijua."

"Watu laki moja na elfu arobaini kwa siku, dada Zaituni." Aliyasema taratibu. "Unakumbuka mwaka jana taa nyekundu zilipokuwa mia tatu kwa siku? Ubao ulisoma tisa. Treni zilikwenda tupu miezi minane. Manesi walitembea kwa miguu saa tatu kufika zamu. Wanawake walijifungulia barabarani. Mama yangu mzazi hakufa kwa kaba. Alikufa kwa kisukari, nyumbani, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpandisha treni. Waliokufa kwa kukosa usafiri mwaka ule walizidi waliokufa kwa ugonjwa wenyewe. Unayo hiyo hesabu, na mimi ninayo. Kwa hiyo usiniambie kwamba imani ni pambo. Imani ndiyo inayofikisha watu hospitali."

Hesabu hiyo Zaituni alikuwa nayo. Angependa sana bwana huyu awe mwongo, kazi ingekuwa nyepesi. Alimwona Mzee Kigwema kichwani mwake, na koti lake lile, kesho ni Ijumaa, anafika stesheni na kuambiwa hakuna treni. Damu ya mzee haiwezi kungoja Jumatatu.

"Malango hayafunguki bila kidole cha mlezi wa Shangazi, na mlezi ni mimi," alisema mwishowe.

"Najua. Kumwandikisha mlezi mwingine kunachukua siku mbili. Ndiyo maana nakuomba." Akasogeza kiti. "Na niseme lingine, ambalo nisingependa kulisema. Wakiuliza nani aliruhusu karanga, kamera zinaonyesha. Unacheka. Unageuza uso. Kila mara unageuza uso."

"Ndiyo."

"Watakutafuna."

"Watafute pa kuanzia, nina nyama ya kutosha." Alisimama. "Bosi, pole sana kwa mama yako. Lakini wale hawakuwa waoga bure. Walidanganywa mara moja wakagoma miezi minane. Hawa sasa wanapanda kwa sababu waliambiwa panya hapigiwi simu. Nikikubali leo, kesho kutwa Shangazi atakuwa amepona na mimi nitakuwa nimeshapigiwa."

"Kwa hiyo utafanya nini?"

"Nitampima. Mbele yao."

Evodius alicheka kidogo, bila furaha. "Hakuna mtu atakayepanda treni ya mtu aliyemwambia kwamba siku kumi na mbili alikuwa kipofu."

"Tutaona," alisema Zaituni, akafungua mlango mwenyewe.

3

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri alivuta meza mpaka katikati ya ukumbi. Miguu ya chuma ikapiga kelele juu ya vigae, na watu mia kadhaa waliokuwa wamepanga foleni mbele ya malango yaliyofungwa wakageuka wote kwa pamoja. Juu ya meza palikuwa na skrini na trei ya vichupa kumi, na begani kwake Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi," mtu alisema kwa mazoea.

"Msimwamkie kwanza," alisema Zaituni. "Sogeeni mwone. Acheni nafasi baina yenu, mkono mmoja, kama zamani."

Hilo la kama zamani liliwapata. Wakasogea, wakiachana. Aliinua kichupa kimoja kimoja na kuwaonyesha alama chini: vitatu vyekundu, saba vyeupe. Akamwomba nesi mmoja aliyekuwa mbele, mwanamke mrefu mwenye kitambulisho shingoni, avichanganye mwenyewe. Nesi akavichanganya kwa vidole vya mtu aliyezoea vichupa. Kisha Zaituni akamshusha Shangazi.

Shangazi alitembea vizuri. Alipita vyote kumi mpaka mwisho wa meza, akageuka, akawatazama watu, akatoa karanga moja kwenye mfuko wa shavu lake, akaanza kuila.

Baadhi walicheka. Kisha wote wakauona mstari wa ubongo wake kwenye skrini, umelala bila kuruka, na kicheko kikafa kilipozaliwa.

"Hanusi," alisema Zaituni. "Ameshiba. Ana siku kumi na mbili hanusi, kwa sababu mnamlisha, na mnamlisha kwa sababu mimi niliwaachia. Niliona karanga ya kwanza nikacheka. Nilifurahi kuona anapendwa. Kila taa ya kijani mliyowashiwa siku hizi kumi na mbili haikuwa na maana yoyote. Kama nyumbani kuna mtu amekohoa wiki hii, mpeni chumba chake leo hii. Malango leo siyafungui."

Kisha kila mtu akasema.

"Mmetuua!"

"Mimi mtoto wangu nilimleta humu juzi. Juzi!"

"Na kazini nikaseme nini?" Mwanamume mmoja alikuwa amevua barakoa ili apige kelele vizuri zaidi, akaivaa tena alipojiona. "Wewe dada, unajua ulichokifanya?"

"Najua," alisema Zaituni. "Ndiyo maana niko hapa."

Ubao wa Imani uliporomoka mbele ya macho yao. Sitini. Thelathini na nane. Kumi na moja. Kutoka juu, sauti laini ya kipaza sauti ikaanza kusema kwamba kuna hitilafu ndogo ya kiufundi, abiria wawe na subira, na walinzi wawili wakashuka ngazi kuelekea mezani. Walipofika karibu walipunguza mwendo. Mmoja wao alikuwa na ganda la karanga kwenye mfuko wa shati, Zaituni aliliona, naye alijua ameliona.

"Bi Zaituni, tumeambiwa tukuondoe."

"Niondoeni. Kidole nakwenda nacho."

Walinzi wakatazamana, wakabaki wamesimama.

Katikati ya kelele hizo Mzee Kigwema alifika mezani. Alikuwa amejikokota, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado ndani ya mfuko wa koti. Alimtazama Shangazi akitafuna. "Hiyo ni karanga yangu," alisema. "Ndogo, za Dodoma. Wengine wanaleta zile kubwa." Akatoa mkono mfukoni polepole, na karanga zilizokuwamo akazirudisha ndani. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tulimshibisha, akatusahau. Mtu atamlaumu panya?"

"Mlaumu mimi, mzee."

"Wewe tutakulaumu baadaye, siku ni ndefu. Mimi damu yangu saa mbili. Nafikaje?"

Swali lile ndilo lililomnyima Zaituni usingizi. Kabla hajajibu, mlango wa wafanyakazi ulifunguka, akatoka Nyamizi Luhende, dereva wa treni ya kwanza, mwanamke mfupi wa Tabora mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Zaituni alikuwa amempigia simu jioni. Mkononi alishika bisibisi.

"Madirisha yangu yanafunguka," alisema Nyamizi. "Wanasahau. Yalipigwa skrubu mwaka ule ule yalipowekwa malango haya, ati hewa ya nje ya nini tena. Skrubu nne kila dirisha. Ninazo bisibisi sita. Na lango la mizigo halina pua wala kidole, lina kufuli, na ufunguo ninao."

"Mwendo hawajaidhinisha treni ya madirisha wazi," alisema mlinzi.

"Wala hawajaidhinisha kaba."

Zaituni alipanda juu ya sanduku tupu ili aonekane. "Sikilizeni. Siwezi kuwaambia ni salama, na atakayewaambia leo ni salama msimwamini. Ninachokijua ni hiki. Mtu mmoja kila benchi. Madirisha wazi yote. Barakoa puani, si kidevuni. Na hakuna kuongea. Mtu akiongea anatoa pumzi nyingi kuliko anayenyamaza, kwa hiyo mtu asifungue kinywa mpaka ashuke, hata simu. Wanaokwenda hospitali, wagonjwa na manesi, wapande kwanza. Wengine wote, kama mnaweza kubaki nyumbani, bakini nyumbani."

"Watu wa mji huu wanyamaze?" alisema nesi. "Dakika arobaini?"

"Wewe unaweza?"

Nesi alifikiri. "Nina wagonjwa kumi na wanane wananingoja," alisema, akanyoosha mkono kwa Nyamizi. "Lete bisibisi."

Hawakupanda wengi. Wengi waliondoka, na baadhi walipita karibu na Zaituni ili asikie walichokuwa wakimwita. Alisikia yote. Lakini watu mia moja na tisini hivi walizunguka kwenye lango la mizigo na kufungua madirisha kwa mikono yao, mwanasheria akimshikia skrubu muuza mitumba, na saa kumi na mbili kamili treni ikaondoka ikiwa na upepo ndani. Hakuna aliyesema neno. Zaituni alisimama jukwaani akaona vichwa vikipita dirishani kimoja kimoja, mbalimbali, macho mbele. Walikuwa wanaogopa, na walikwenda.

Evodius alikuwa ameshuka. Alisimama pembeni yake mpaka treni ikatoweka.

"Ubao unasoma kumi na moja," alisema.

"Ndiyo, bosi. Lakini hao kumi na moja wanajua wanapanda nini."

"Barua yako ya kusimamishwa nitaiandika kesho kutwa. Nakuhitaji kesho." Akageuka kwenda, akasimama. "Na wakirudi na karanga?"

Zaituni alirudi ukumbini, akachukua kalamu nene, akaandika kwenye karatasi kubwa na kuibandika kwenye kioo cha kibanda: UKIMPENDA, NJOO MKONO MTUPU.

Mama mmoja aliyebaki nyuma, wa makamo, aliisoma akakunja uso. "Hilo ni jambo la aibu, mwanangu. Kumwendea mkubwa mkono mtupu."

"Basi tuaibike, mama," alisema Zaituni. "Tuaibike wote tukiwa hai."

4

Alfajiri iliyofuata Shangazi aliamka na hasira. Aliutafuta ubuyu wake kila pembe, hakuuona, akamng'ata Zaituni kidole, si kile cha kufungulia malango. Zaituni alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Akapanga vichupa mezani, pale pale katikati ya ukumbi, kwa sababu sasa isingewezekana kupima mafichoni tena.

Kichupa cha pili, mstari ukaruka. Cha tano ukaruka. Cha tisa ukaruka mpaka ukagonga juu ya skrini. Zaituni akaweka kidole, na stesheni ishirini na mbili zikapata pua.

Watu walikuwa wachache. Ubao ulisoma kumi na tisa, na mtu alikuwa ameufunika nusu kwa kitenge. Hakuuliza ni nani.

Wa kwanza kwenye lango namba moja alikuwa Mzee Kigwema. Haikuwa siku yake ya damu. Alisimama mbele ya kibanda, akavuta nje bitana ya mfuko wa kulia, kisha ya mfuko wa kushoto, zikaning'inia kama masikio. Akanyoosha viganja vyote viwili mbele ya kioo, vitupu, vyenye alama za sindano za cherehani.

"Shikamoo, Shangazi," alisema. "Sina kitu."

Shangazi alitikisa sharubu. Mzee akaingia kwenye lango, na lango likawaka nyekundu.

Ilikuwa taa ya kwanza nyekundu kwa siku kumi na nne. Iliangaza uso wake wote. Foleni nzima iliiona, na Zaituni alijua mzee aliipata wapi kaba. Aliipata humu, asubuhi moja kati ya zile kumi na mbili, chini ya taa ya kijani aliyomwashia yeye.

"Nilijisikia vibaya tangu jana usiku," alisema mzee. Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia mvua. "Koo. Nikasema, niende nikamuulize mwenyewe." Akamgeukia Shangazi. "Ameniona. Jana asingeniona."

"Mzee wangu..." Zaituni alianza, akimfuata.

"Usinisindikize, mwanangu. Wako watu nyuma yangu."

Akaenda peke yake mpaka behewa la mwisho, mifuko ikiwa bado nje, akaketi kando ya dirisha lililo wazi.

Zaituni aliwageukia wale wa nyuma. Alingoja waanze kukimbia. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi na hapakuwa na mlinzi wa kuwazuia. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa yule nesi mrefu. Aliitazama taa, akautazama mlango, akalitazama behewa la mwisho kwa muda. Kisha akasogea mpaka kwenye kioo na kuinua viganja vyake viwili.

"Shikamoo, Shangazi."

Nyuma yake, foleni nzima, watu walikuwa wameanza kukung'uta mifuko yao.